Nota za juu za tarumbeta: kuanzia chini, jimu ya midomo, sauti ndogo au mausipisi mpya?

Yeyote aliyewahi kutembea na kikundi cha matarumbeta jijini Mwanza anaijua saa ambayo nota za juu hugoma. Si asubuhi, wakati msafara unatoka nyumbani kwa bibi harusi Igoma au Buhongwa na kila mmoja ana midomo mibichi. Ni saa kumi na moja jioni, baada ya ibada, baada ya mzunguko wa mjini juu ya pikapu, wakati maharusi wanapiga picha kando ya ziwa na kamati inaomba wimbo wa mwanzo kwa mara ya tatu. Mpigaji wa sauti ya kwanza analiinua tarumbeta, anavuta pumzi, na pale palipokuwa na nota unatoka upepo mtupu. Makala hii inalinganisha njia nne ambazo wapigaji huzitumia ili nota hiyo itoke jioni kama ilivyotoka asubuhi, na inaeleza ipi inamfaa nani, kwa kuwa mazoezi yanayomjenga mpigaji wa kanisani yaweza kumharibu mtu wa harusi.

Kwanza tukubaliane juu ya nota zenyewe. Kwenye tarumbeta la kawaida, lile la Bb, nazungumzia eneo linaloanzia G inayokaa juu ya mistari mitano hadi C yenye mistari miwili ya ziada. Kwa anayesoma kwa do-re-mi, do ikiwa C ya nafasi ya tatu, ni so, la, ti na do inayofuata. Neno “uhakika” nalo lina kipimo. Nota ni ya uhakika iwapo unaipata kwa jaribio la kwanza, mara tatu mfululizo, ukiondoa mausipisi, yaani kile kipande cha kupulizia, midomoni kila mara, kwa sauti ya wastani, tena mwishoni mwa mazoezi. Inayotoka mara moja kati ya tano ni nota ya mkopo, na harusini mkopo huo hudaiwa mbele za watu.

Ugumu wa nota hizi una sababu mbili, na njia zote nne zinahukumiwa kwa jinsi zinavyozishughulikia. Ya kwanza ni mwendo wa midomo. Ukipiga C ya chini, ile yenye mstari mmoja wa ziada chini ya mistari mitano, midomo inatetemeka takriban mara 233 kwa sekunde. C ya katikati ni 466. C ya juu ni 932. Kila oktava inadai mara mbili ya ile iliyotangulia, kwa hiyo sehemu ya mdomo inayotetemeka lazima iwe ndogo na imara zaidi, na hewa iwe na msukumo mkubwa zaidi ingawa kiasi chake ni kidogo kuliko kile kinachotumika chini. Sababu ya pili husahaulika. Bila kubonyeza vali yoyote, tarumbeta linatoa C, G, C, E, G, kisha Bb iliyo chini kidogo ya mahali pake, C, D na E. Kule chini jirani na jirani wametengwa na nota tano. Kule juu wametengwa na hatua moja tu. Anayedhani kwamba nota ya juu ni nguvu peke yake anafanana na mtu anayetafuta nyumba usiku kwenye mawe ya Mabatini kwa kukimbia zaidi: nyumba zimebanana, na mbio zitamfikisha kwa jirani.

Kabla ya njia nne iko ya tano, ambayo hakuna aliyefundishwa na kila mmoja anaijua, nayo ni kukandamiza. Nota inapogoma, mkono wa kushoto unalivuta tarumbeta kuelekea menoni, kidole kidogo cha mkono wa kulia kinaishika kulabu na kuongeza mvuto, na kweli nota inatoka, kwa kuwa mdomo uliobanwa kati ya chuma na meno hukazika hata kama misuli yake haikufanya kazi. Gharama huja baada ya dakika ishirini. Damu haipiti vizuri kwenye mdomo uliobanwa, mdomo unavimba ndani ya kikombe cha mausipisi, na mdomo uliovimba hautetemeki kwa wepesi. Mpigaji anazidi kubana ili kufidia, na hali inazidi kuwa mbaya. Nilipokuwa kijana kwenye kikundi cha kanisa nilitoka harusini na alama ya mduara iliyokaa juu ya mdomo kuanzia Jumamosi hadi Jumatatu, nikaionyesha kwa fahari kama askari anavyoonyesha kovu la vitani. Louis Armstrong, ambaye hakuna atakayemwita mvivu, alilazimika kuipumzisha midomo yake kwa miezi kadhaa katikati ya miaka ya 1930 kwa sababu ya majeraha ya kupiga kwa nguvu usiku baada ya usiku.

Kipimo cha kukandamiza ni rahisi, na ningependa kila msomaji akifanye kabla ya kuchagua njia. Fungua kiganja cha mkono wa kushoto kama sinia, lilaze tarumbeta juu yake bila kulikamata, na mkono wa kulia uuache ukining’inia. Sogeza mausipisi midomoni, piga G ya mstari wa pili, kisha C, kisha E, kisha G ya juu, zote bila vali. Mahali sauti inapokatika ndipo midomo yako inapoishia na mkono unapoanzia. Kijana mmoja wa kikundini kwetu, ambaye harusini alikuwa akifika C ya juu, alikatikia kwenye C ya katikati. Aliniangalia akasema, “Mwalimu, tarumbeta limeharibika.” Tarumbeta lilikuwa zima.

Hata hivyo, ni haki kulikagua tarumbeta nalo, kwa sababu vyombo vingi vya vikundi vyetu vimepita mikono mingi na vingine vimelala stoo ya kanisa kwa miaka. Vuta kijibomba cha vali ya pili hadi kitoke chote bila kubonyeza vali hiyo. Ukisikia mlio mfupi wa “po”, hewa imezuiwa vizuri. Usiposikia kitu, vali imelika au haina mafuta. Angalia pia kizibo kidogo cha koki ya kutolea maji, maana kizibo kilichokauka kinavujisha hewa, na uvujaji ambao hauonekani kwenye C ya chini unaiua C ya juu kabisa. Fundi wa kawaida anaweza kukata kizibo kipya. Fanya hivyo kabla ya kujilaumu.

Kuanzia chini

Njia ya kwanza inashangaza: ili upande, unashuka. Mwalimu mmoja maarufu wa njia hii ni Mmarekani Claude Gordon, aliyefariki mwaka 1996, mwanafunzi wa mpiga kornetti Herbert L. Clarke; mwingine ni Louis Maggio aliyefundisha Los Angeles. Walitofautiana katika mambo mengi, hasa katika namna ya kuweka midomo, lakini wote wawili waliwapigisha wanafunzi pedali, yaani nota zilizo chini ya F# ile inayopigwa kwa kubonyeza vali zote tatu. Huko chini bomba la tarumbeta halikusaidii. Nota haina mahali pake pa kukaa, hivyo midomo inalazimika kuibeba yenyewe, ikiwa mizito, imelegea na imejaa hewa. Ukikandamiza hata kidogo, sauti inakufa papo hapo.

Hapo ndipo faida ilipo. Pedali ni mwalimu asiyedanganywa: mkono ukivuta, anakata sauti, na mpigaji anaelewa bila maneno. Kwa mtu ambaye kipimo cha kiganja kimemkatia mapema, sijaona tiba ya haraka kuliko hii. Tena midomo iliyochoka na harusi hupata nafuu ikipigishwa pedali chache kwa utulivu siku inayofuata, kama mguu uliochoka unavyopata nafuu kwa kunyooshwa.

Hatari yake ni kuwa na midomo miwili. Mpigaji anafungua taya na kuitoa midomo nje ili apate C ya chini kabisa, halafu akitaka kupanda anaiondoa mausipisi, anajipanga upya na kupiga kwa mkao mwingine. Baada ya miezi mitatu anakuwa hodari wa pedali, na nota zake za juu ziko palepale, kwa kuwa amefanya mazoezi ya vyombo viwili tofauti. Kwa hiyo sharti la njia hii ni kwamba kila ukishuka, upande kwa pumzi ileile bila kuondoa mausipisi, kutoka C ya shimoni hadi C ya chini, G, C na kuendelea, na pembe za mdomo zikae mahali pamoja safari nzima. Usipoweza, shuka kidogo tu kwanza. Na jambo la nyumbani halina budi kutajwa: pedali zinasikika kama honi ya kivuko kinachoingia Kamanga. Nilizifanyia juu ya mawe ya kilimani Bwiru, ambako waliolalamika walikuwa pimbi peke yao; katika chumba cha kupanga hazitakuchukua wiki mbili kabla mwenye nyumba hajabisha hodi.

Jimu ya midomo

Njia ya pili inahusishwa na Carmine Caruso, mwalimu wa New York aliyefariki mwaka 1987, ambaye cha ajabu alikuwa mpiga saksafoni. Labda ndiyo maana aliwatazama wapiga tarumbeta kama kocha anavyowatazama wanariadha. Kanuni zake ni nne: piga mguu chini kuhesabu, usiitoe mausipisi midomoni mpaka zoezi liishe, pumzi isikatike katikati ya nota na nota, na unapohitaji hewa uivute kwa pua. Zoezi la kwanza lina nota sita tu, kuanzia G ya mstari wa pili na kupanda nusu hatua hadi C. Mazoezi yanayofuata yanapanua masafa kati ya nota na nota, na mpigaji anaendelea kupanda hadi mahali panapotoka hewa tupu, kisha anapumzika na kurudi.

Fikra iliyo nyuma yake ni kwamba kupiga nota ni misuli mingi kufika mahali pake kwa wakati mmoja, na misuli hiyo haiamrishwi kwa akili. Inajifunza kwa kurudia chini ya hesabu isiyobadilika. Ndiyo maana wakati wa zoezi hujali uzuri wa sauti. Kwa mtu aliyezoea kuimba na kupiga kanisani jambo hili ni gumu kulikubali, na nimewaona walioacha wiki ya kwanza kwa sababu waliona aibu ya kelele zao wenyewe.

Kati ya njia nne, hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote na ndiyo inayotumika vibaya kuliko zote. Kuiacha mausipisi midomoni kwa muda mrefu kunaijenga misuli ya mtu anayepiga kwa mguso mwepesi, na kunamfundisha anayekandamiza kukandamiza kwa muda mrefu zaidi. Inadai pia siku za kupumzika, kama mazoezi yoyote ya nguvu: midomo inayopigishwa zoezi hili Alhamisi na Ijumaa haitafika na kitu Jumamosi. Mtu wa harusi anayeitaka anapaswa kuifanya Jumanne na Jumatano tu, dakika kumi na tano, na kuiacha kabisa juma lenye harusi mbili. Kuhusu kanuni ya pua, aliyekaa Mwanza wakati wa vumbi la kiangazi huku ana mafua anajua kwamba kanuni hiyo ina likizo zake.

Sauti ndogo

Njia ya tatu haina fahari yoyote, na pengine ndiyo maana wachache huichagua. Clarke, aliyezaliwa mwaka 1867 na kufariki mwaka 1945, na ambaye kwa miaka mingi alipiga kornetti mbele ya bendi ya John Philip Sousa, alisisitiza kwamba mazoezi ya kila siku yapigwe kwa sauti ndogo sana, kurudia rudia kwa pumzi moja, na kupanda nusu hatua baada ya nusu hatua. Wazo ni kwamba nota inayotoka kwa sauti ya kunong’ona haiwezi kutolewa kwa nguvu. Inatoka tu iwapo midomo, ulimi na hewa vimekaa mahali pake, na ikikosea inakosea waziwazi.

Zoezi ninaloanzisha nalo watu wangu ni miteremko ya midomo, yaani kupanda na kushuka bila kubadilisha vali. Bonyeza vali zote tatu, piga kwa sauti inayosikika chumbani tu lakini isivuke mlango, na upande kutoka nota ya tatu ya bomba kwenda ya nne na kurudi, mara nane kwa pumzi moja (bila vali, C ya chini huhesabiwa ya pili, G ya tatu, C ya katikati ya nne, na kuendelea). Kisha hamia vali ya kwanza na ya tatu, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya pili, ya kwanza, ya pili, na mwisho bila vali. Kila badiliko linakupandisha nusu hatua. Mzunguko ukikaa vizuri siku tatu mfululizo, anza upya kati ya nota ya nne na ya tano, baadaye ya tano na ya sita. Ndani ya kinywa, sema “aa” ukiwa chini na “ii” ukipanda. Ulimi unainuka wenyewe na njia ya hewa inabana. Hili halitegemei hisia za walimu pekee: picha za MRI za wapiga horni zilizochukuliwa Göttingen, Ujerumani, na Peter Iltis na wenzake zinaonyesha ulimi wa wapigaji hodari ukiinuka kadiri nota zinavyopanda.

Faida ya kwanza ya njia hii ni ya kimaisha kuliko ya kimuziki. Inafanyika saa mbili usiku katika chumba cha Nyakato huku mtoto wa jirani amelala, na inafanyika hata usiku wa kuamkia harusi, kwa kuwa haichoshi. Faida ya pili ni kwamba inafundisha shabaha, ile sababu ya pili ya ugumu niliyoitaja, ambayo pedali haziigusi na jimu inaigusa kwa pembeni tu. Kasoro yake ni kwamba aliyefanya hii peke yake atakuwa na C tamu ya chumbani ambayo juu ya pikapu, mbele ya ngoma kubwa na vigelegele, hakuna atakayeisikia. Sauti kubwa inabidi iongezwe baadaye kwa makusudi: piga nota moja ya juu kwa kunong’ona, ikuze polepole hadi sauti ya harusi, irudishe ilikotoka, na usimame mara tu inapoanza kupanda au kushuka toni. Pia ni njia ya polepole. Hesabu miezi, usihesabu wiki.

Mausipisi mpya

Njia ya nne inanunuliwa. Kila mwenye tarumbeta la kampuni ya Bach au lililofuata vipimo vyake ameiona namba ya 7C, ambayo kipenyo cha ndani ya ukingo ni takriban milimita 16.2. Katika mfumo wa Bach namba ikipungua kipenyo kinaongezeka, hivyo 3C ni pana kidogo na 1½C hufika karibu milimita 17. Herufi inaeleza kina cha kikombe, A ikiwa na kina kirefu na F kifupi. Yamaha na Schilke wanahesabu kinyume, namba kubwa ni kipenyo kikubwa, na wauzaji wengi hawalijui hilo. Mausipisi ya Yamaha 11B4 inayokuja na matarumbeta yao ya kujifunzia inakaribiana na 7C.

Kikombe kifupi kinasaidia kweli. Sauti inakuwa angavu na kali, nota za juu zinajibu kwa haraka, na jasho linapungua kwa anayepiga saa nne mfululizo. Lakini kinachoongezeka ni urahisi wa nota ulizonazo; nota usiyokuwa nayo kabisa haitokei kwa sababu ya chuma kipya, isipokuwa kwa bahati, na kwa muda wa siku ambazo shauku ya ununuzi inadumu. Kina kikipungua kupita kiasi, mdomo uliovimba jioni unagusa sakafu ya kikombe na sauti inakatika kama taa iliyozimwa. Toni za chini nazo hubadilika, na kwenye kikundi cha kanisa, ambako tarumbeta la kwanza linapaswa kuyeyuka ndani ya sauti nne, mausipisi kali linasikika kama mtu anayepiga kelele katikati ya sala. Niliwahi kuagiza moja kupitia duka la mtandaoni ambalo sitalitaja, ikaja na namba sahihi na kikombe kisichofanana nayo, na mkia wake haukuingia vizuri kwenye bomba. Tangu hapo ushauri wangu ni kuazima kwa mwenzako wiki mbili, kuijaribu jioni ya harusi, na kununua baada ya hapo.

Nani achague nini

Jibu linategemea unapigia wapi kabla ya kutegemea unapenda nini. Mpigaji wa sauti ya kwanza kwenye kikundi cha kanisa, anayesindikiza nyimbo za kitabuni zilizoandikwa kwa sauti nne, mara nyingi hahitaji kuvuka F au G ya juu ya mistari mitano. Kinachomsumbua ni kuingia kwenye G hiyo kwa upole, bila kuitangulia na kishindo. Kwake sauti ndogo inatosha, na fedha za mausipisi zikanunulie mafuta ya vali.

Mtu wa harusi yuko mahali tofauti kabisa. Vikundi vingi hupandisha wimbo oktava nzima ili usikike nje, kwa hiyo A, Bb na C ni kazi ya kila Jumamosi. Tatizo lake kubwa si midomo peke yake, ni masikio. Ndani ya ukumbi, sauti yako inarudi kutoka ukutani na unajua umepiga kiasi gani. Juu ya pikapu inayopita barabara ya Makongoro hakuna kinachorudi, na alasiri upepo wa ziwani unaivumia sauti na kuikausha midomo, hivyo mpigaji anahisi kwamba hasikiki na anaongeza nguvu ambayo hakuna aliyeidai. Nota ya saa kumi na moja hufa saa nane mchana, kwenye barabara, kwa namna hiyo. Huyu namshauri aanze na pedali kwa wiki nne hadi kipimo cha kiganja kimpitishe, ahamie sauti ndogo siku za kazi, na mara moja kwa juma afanye mazoezi nje, pale penye upepo, akipiga kwa kiasi kilekile cha chumbani na kuvumilia hisia ya kutosikika. Mwenzake asimame mbali, hatua hamsini hivi, amweleze alichosikia. Wengi hushangaa. Jambo jingine ni la mpangilio zaidi kuliko mazoezi: kikundi chenye matarumbeta mawili ya kwanza yanayopokezana beti kitafika jioni kikiwa na nota, na chenye nyota mmoja hakitafika.

Aliye kwenye bendi ya jeshi, polisi au magereza, anayepiga kila siku chini ya kiongozi na mwenye siku za kupumzika zinazojulikana, ndiye pekee ambaye ningempa jimu ya midomo bila wasiwasi. Vilevile mpigaji wa bendi ya dansi, ambaye kazi yake ni vipande vifupi vikali vinavyoingia kwa pamoja na saksafoni, kisha anashusha tarumbeta na kungoja; kwake hesabu ya mguu na kuingia kwa wakati ni muziki wenyewe. Huyo pia ananufaika na kikombe kifupi kuliko wengine wote.

Mtoto aliyeanza mwaka huu asipewe hata moja kati ya njia hizi isipokuwa miteremko ya chini kwa sauti ndogo, na asishindanishwe na wenzake nani anafika juu. Wapiga tromboni na horni watapata kwamba sauti ndogo na pedali zinawahusu kama zilivyo, kwa nota zao wenyewe. Habari za mausipisi waziache, kwa sababu vipimo vyao ni vingine.

Ukilazimika kuchagua moja bila kujua lolote zaidi juu yako, chagua sauti ndogo, kwa sababu ndiyo pekee ambayo ukiifanya vibaya haikuumizi. Weka daftari. Kila Jumatatu jioni, baada ya siku moja kamili ya mapumziko kufuatia harusi ya Jumamosi, andika nota ya juu kabisa uliyoipata mara tatu mfululizo kwa jaribio la kwanza, na pembeni yake nota ambayo sauti ilikatikia kwenye kiganja. Baada ya majuma manane angalia namba mbili hizo. Zikiwa zimepanda zote, usibadilishe kitu. Ya kwanza ikiwa imepanda na ya pili imebaki palepale, umepata nguvu za mkono, kwa hiyo rudi kwenye pedali. Ya pili ikiwa imepanda na ya kwanza haijasogea, midomo iko tayari na kinachokosekana ni shabaha. Ongeza miteremko kati ya nota ya sita na ya nane ya bomba, pale jirani wanapobanana, nusu saa kwa siku. Na ikiwa zote mbili zimeshuka, hesabu harusi ulizopiga katika majuma hayo kabla ya kuilaumu njia yoyote.